Mwanamke wa Sehemu ya Tisa

Katika banda la video la Ahmadi, pale mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, midomo na maneno havikuwahi kuendana, na hakuna aliyelalamika. Watu wa kwenye runinga walifungua vinywa kwa lugha yao, ambayo wengine walisema ni Kispanyola na wengine wakabisha kwa kupenda kubisha tu, na Ikupa, aliyekaa kwenye stuli pembeni ya deki na maiki mkononi, akawasemea kwa Kiswahili. Wao wakisema maneno kumi, Ikupa alisema arobaini. Wao wakimaliza kulia, Ikupa alikuwa bado analia. Ndiyo ilikuwa raha yenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mwaka wa 1998, mwanamke mmoja kwenye runinga alipofungua mdomo, na midomo yake ikatamka sawasawa kila neno la Ikupa, Ikupa alishtuka na kusita. Halafu akaendelea. Banda lilikuwa limejaa, na watu walikuwa wameshaanza kutafuta vitambaa vya kufutia machozi.

Ikupa hakuzaliwa mtafsiri. Alikuwa karani kwenye shirika la umma, shirika likauzwa, na yeye akapewa barua ya kupunguzwa kazi na mkono wa kwaheri. Ahmadi naye alikuwa muuza vitambaa. Biashara zilipofunguliwa na runinga zikaanza kuingia nchini, alihamisha majora yake, akapanga mabenchi kwenye stoo na kuziba madirisha kwa mablanketi meusi. Alimchukua Ikupa kwa sababu moja: aliwahi kumsikia sokoni akisimulia ugomvi wa majirani, na wanunuzi wote wakaacha kununua ili wasikilize.

Tamthilia yenyewe ilikuwa na sehemu ishirini na sita, na Tukuyu nzima iligombana juu ya ipi ni bora. Waliotoka Kisiba waliapa kwa sehemu ya nne, ile ya farasi kuungua. Akina mama wa Matwebe hawakutaka kusikia kitu kingine zaidi ya sehemu ya harusi. Vijana walipenda ile ya bunduki, kama kawaida yao. Lakini sehemu ya tisa ilimaliza ubishi wote, na ukweli ni kwamba sehemu ya tisa ilikuwa mbovu. Haikuwa na kitu. Mzee mmoja mwenye shamba, binti yake mgonjwa kitandani, na mwanamke wa nguo ya kijivu amesimama nje ya geti, miguu mitupu, anaongea na mzee. Anaongea tu, dakika kumi na tano.

Ikupa aliwaona watu wanapiga miayo, na hilo hakuweza kulivumilia. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wahusika wengine alizoea kuwapa majina ya utani, Mzee Amoni, Bwana Ackson, watu wakacheka. Yule binti mgonjwa alimwita Tulia, jina la mwanawe mwenyewe wa miaka kumi na miwili, ili machozi yaje haraka. Yule mwanamke wa getini, ndiye ambaye midomo yake ilimfuata Jumamosi ile, Ikupa akamtilia kinywani maneno haya: "Nimetoka mbali, sina mtu. Nipe Tulia nimlee mimi." Na mzee, kwa kinywa cha Ikupa, akajibu, "Mchukue."

Banda zima lililia. Watu walitoka wamevimba macho na wenye furaha, wakaiomba tena sehemu ile Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Bibi Alinanuswe, mzee wa Kisiba ambaye hakujua hata jina la nchi ile ya kwenye runinga, aliifuata kwa mguu kwenye mvua, kila wiki, na kikapu chake kichwani.

Kila ilipoonyeshwa, mwanamke wa kijivu alikuwa amesogea. Mara ya pili alikuwa ndani ya geti. Mara ya tatu alikuwa barazani. Kanda ni kanda, haina akili ya kubadilika, na watazamaji walijiambia kwamba mara ya kwanza hawakuangalia vizuri. Ikupa alijiambia hivyo pia. Alijidanganya.

Wiki ile ya tatu, wamekaa jikoni mchana wanamenya ndizi, Tulia alimwambia mama yake kuwa chumvi imekwisha. Ikupa aliiona midomo ya mtoto ikifunguka na kufungika. Kimya. Kisha, mtoto ameshainama kwenye ndizi zake, sauti ikafika: "Mama, chumvi imekwisha."

Ikupa alicheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Tulia hakucheka. Naye alikuwa ameisikia ikichelewa.

Mzee Nsajigwa wa kanisani aliitwa, akaomba kwa nguvu, akamshika mtoto kichwa. Tulia aliitikia amina. Ile amina ilisikika wakati mzee ameshasimama, ameshaaga, ameshachukua mwavuli wake, na hakukaa hata kunywa chai.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Sauti ikaanza kuchelewa kwa muda wa mtu kuvuka uwanja, kisha ikaacha kutoka kinywani kabisa na kutokea nyuma ya mlango, kisha nyuma ya nyumba, na alasiri moja ya mvua Ikupa alikaa ana kwa ana na mwanawe, akamuuliza kama anaumwa, akaiona midomo midogo ikijibu jambo refu kwa uso wa kuomba msaada, na akasubiri, akasubiri huku maji yakimwagika kwenye bati na harufu ya udi uliomwagiwa maji ikiingia polepole kupitia dirishani, mpaka akaisikia sauti ya mtoto wake ikiita kutoka mbali kule chini migombani, ikiita kwa lugha ya runinga, lugha ambayo kwa miezi mitatu alikuwa amejifanya anaijua, na sasa kwa mara ya kwanza alitamani kweli angejua hata neno moja.

Alipiga magoti akamkumbatia. Aliogopa mno. Lakini chini ya hofu ile kulikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyomwinua.

Akaenda kwa Bi Najat, shangazi yake Ahmadi, mwanamke mzee ambaye watu wake walitoka Pangani na ambaye mambo ya majini na mapepo aliyazungumza kama wengine wanavyozungumza homa. Bi Najat alimsikiliza huku anashona, akamuuliza swali moja tu: nani alimpa ruhusa? Ikupa alianza kusema hakuna. Kisha akainamisha kichwa.

"Nilisema mimi," alijibu. "Nilikuwa natafsiri."

"Hukutafsiri, mwanangu. Ulitunga. Yeye aliomba mtoto mbele ya watu, na wewe ukampa mbele ya watu. Hawa wanashika neno kuliko sisi." Bi Najat alikata uzi kwa meno. "Kalitangue palepale, mbele ya walewale. Atakuomba kitu kingine badala yake. Usimpe hata sindano."

Ahmadi hakukubali. Alisema watu wanakuja kwa ajili ya sehemu ile ile, vile vile, na ukiwabadilishia watavunja mabenchi. Ikupa alimjibu kwamba runinga ni ya Ahmadi, deki ni ya Ahmadi, na bati pia, lakini maneno hayakuwahi kuwa ya Ahmadi. Akaondoka kabla hajajibiwa.

Jumamosi, saa tisa alasiri, banda lilijaa hadi mlangoni. Tulia alikaa benchi la mbele, mikono mapajani. Bibi Alinanuswe alikuwa nyuma yake. Nje mvua ilipiga kwa namna ya mwaka ule, ambao redio iliuita wa El Nino na watu wa Tukuyu wakauita wa kawaida tu, na ndani, kwenye giza la mablanketi, kanda ilianza kuzunguka.

Geti lilikuwa wazi, halina mtu. Baraza, hakuna mtu. Mwanamke wa kijivu alikuwa chumbani, amesimama akikiinamia kitanda cha mgonjwa, na mzee amesimama mlangoni kama mtu asiye na nyumba. Harufu ya udi wenye maji ikajaa bandani. Mwanamke akafungua mdomo, na hapo Ikupa akaelewa kwamba mambo yamegeuka, kwa sababu leo haikuwa midomo ile inayofuata maneno yake, bali kinywa chake ndicho kilichokuwa kinafuata midomo ile, kinavutwa neno kwa neno, nimetoka mbali, sina mtu, nipe Tulia, na ulimi wake ukaanza kujikunja wenyewe kwa ajili ya jibu ambalo watu wote walilijua na walilisubiri wakiwa wameinama mbele na vitambaa mkononi.

Akaung'ata ulimi mpaka akaonja damu.

"Hapana," alisema. "Simtoi."

Manung'uniko yalianza mara moja. Bibi Alinanuswe ndiye aliyesema kwa sauti. "Usitubadilishie, mwe. Tumetoka Kisiba kwa mguu."

Ikupa alisimama akawageukia. Aliwaambia ukweli wote kwa maneno machache: kwamba aliwatungia, kwamba lile jina ni la mtoto huyu waliyemzoea, na kwamba tangu siku ile mtoto hana sauti yake. Akamwomba Tulia awaage tu, aseme kwaherini. Tulia akageuka, akasema. Watu wakaiona midomo. Wakasubiri. Neno lilikuja kutoka kwenye spika ya runinga.

Hakuna aliyenung'unika tena.

Ikupa akarudi kwenye runinga. Mwanamke alikuwa ameacha kumtazama mgonjwa, na sasa alitazama nje, kwenye mabenchi. Kinywa cha Ikupa kilivutwa tena, naye akajijibu kwa kinywa hichohicho, na waliokuwapo walisema baadaye kwamba ilikuwa kama kusikia wanawake wawili wanaogombania ndoo moja kisimani.

"Basi nipe sauti yako wewe."

"Sikupi."

"Nipe mmoja wa hawa waliokaa."

"Sikupi."

"Nipe hata jina, niondoke nalo."

"Ulikuja mikono mitupu. Utaondoka mikono mitupu."

Umeme ukakatika.

Runinga ilizimika, maiki ikafa, na watu wa benchi la nyuma wakaanza kuinuka wakikanyagana. Ikupa aliiweka maiki chini. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, si kubwa, kwamba wakae, sehemu haijaisha. Na kwenye giza lile, bila picha, bila kitu cha kutafsiri, akaendelea. Alisema mwanamke ameondoa mkono kitandani. Alisema amegeuka. Alisema anapita mlangoni, mzee amempisha, anashuka barazani, hageuki nyuma. Kila alichokisema alikisema mara mbili, mara ya pili kwa Kinyakyusa, na aliposita kwa hofu, Bibi Alinanuswe alisema, "Aende." Akina mama wa Matwebe wakaitikia, aende. Kisha wote.

Ndipo waliokaa pembeni, kwenye njia ya katikati, wakahisi upindo wa nguo iliyolowa ukiwapita magotini, mmoja baada ya mwingine, kutoka mbele kwenda nyuma, baridi, taratibu, ukisimama hapa na pale kama mtu anayesoma nyuso, na mtu mmoja akaanza kulia kimyakimya, na Ikupa hakunyamaza, alisema anapita, hasimami, hakuna aliyemwalika, yuko mlangoni, blanketi linainuliwa.

Blanketi la mlangoni likainuka. Mwanga wa kijivu wa mvua ukaingia, na hakukuwa na mtu. Likaanguka.

"Mama," Tulia alisema, "nina njaa."

Ilitoka kinywani mwake, na ilitoka kwa wakati wake. Ikupa alimshika uso kwa mikono miwili akamwambia aseme tena, na mtoto akasema tena, na tena, mpaka akaona aibu mbele za watu. Wengine walipiga makofi. Mtu mmoja alisema hii ndiyo ilikuwa sehemu bora kuliko zote, na hakuna aliyebisha.

Ahmadi hakupiga makofi. Alikuwa amekaa pembeni ya deki, kichwa mikononi, na Ikupa alipomkaribia hakuinua macho.

"Nisamehe, Mama Tulia," alisema. "Watu wa mbali waliililia sana sehemu hii. Niliitolea nakala. Sauti yako niliirekodi Jumamosi zile, nimeiingiza humo humo."

"Ngapi?"

"Nne. Kyela, Ipinda, Mwakaleli, na Uyole."

Ya Kyela, alisema, itaonyeshwa kesho baada ya ibada.

Ikupa aliwaza banda asilolijua, kwenye joto la Kyela, watu asiowajua wakilia, na sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika, ikimtaja Tulia kwa jina, ikisema mchukue. Aliichomoa maiki, akauzungusha waya mkononi, akafunga kanga kiunoni. Ahmadi akasema angeandika barua kanda zirudishwe, na kwamba barabara ni mbaya, na kwamba yule mwanamke huenda yuko njiani anawangoja.

"Anisubiri," Ikupa alisema. "Maneno ni yangu. Yakisemwa Kyela, nitayatangua Kyela. Yakisemwa Uyole, nitafika Uyole. Njia ya kutoka nimeshamwonyesha mara moja."

Akamshika Tulia mkono. Walikuwa wamefika mlangoni Bibi Alinanuswe alipojitwika kikapu chake na kuinuka, na nyuma yake wakainuka akina mama wa benchi zima.

"Huko Kyela hawajui la kuitikia," alisema bibi yule, na akauliza basi linaondoka saa ngapi.