Sahani ya Mgeni

Alhamisi, tarehe kumi na saba Julai, saa tisa na nusu alasiri. Manyunyu ya kusi yalikuwa yakianguka juu ya Marikiti tangu adhuhuri. Hayakuwa ya kumtia mtu mbioni, ila ya kumlowesha kidogo kidogo bila yeye kutambua. Nanjala alikuwa amesimama mbele ya duka la viungo, akikumbuka alichoagizwa na Bibi Mwanakuu: ubani, marashi ya mawaridi, na kaniki nyeusi ya kumtosha mtu mmoja mabegani.

"Masalkheri, mzee."

"Masalkheri, mwanangu." Mwenye duka alikuwa mzee wa kofia iliyotarizwa, na mikono yake ilinuka karafuu. "Mwazunguka leo?"

"Ndiyo, kisiwa kizima, kwa makasia. Mimi ni wa chama cha Bibi Mwanakuu."

"Mashaallah. Na ng'ombe mushapata?"

Nanjala akacheka. "Ng'ombe tutampakia wapi, mzee? Mashua yenyewe yatutosha sisi watano kwa taabu."

Mzee hakucheka. Alimweleza, huku akifunga ubani katika karatasi, kwamba mwaka wa Kiswahili unapoingia, watu wa mji humtembeza ng'ombe kuuzunguka mji wote, wakimsomea dua njia nzima, ili mabaya ya mwaka yamwingie yeye. Kisha huchinjwa. Hapo alimtazama Nanjala kuanzia viatuni, magotini, kiunoni, hadi shingoni.

"Wewe wa bara?"

"Kitale."

"Una watu hapa kisiwani?"

"Sina mtu, mzee."

Mzee aliuweka mfuko juu ya meza na kuusogeza kwa ncha ya rula yake, asiuguse mkono wa Nanjala.

"Nenda, mwanangu. Mungu akuhifadhi."

Swali lile Nanjala alikwisha kulizoea, na kusema kweli alilipenda. Alikuwa amehamia Mombasa mwezi Machi kufundisha hesabu katika shule moja ya Tudor, akapanga chumba cha juu katika nyumba ya mawe, Mji wa Kale. Mama yake alikuwa amefariki, na ndugu hakuwahi kuwa naye. Majuma mawili ya kwanza hakuna aliyemwita kwa jina nje ya darasa. Ndipo jirani yake Shifa, mshonaji wa mabuibui, mwanamke wa miaka thelathini mwenye kucheka hata na cherehani yake, alipomgongea mlango na kumuuliza, "Wewe wakaa peke yako huku juu kama njiwa? Ndoo tukapige makasia."

Chama kilikuwa cha wanawake wa mtaa. Banda lao lilikuwa chini ya ukuta wa matumbawe, na mashua yao ilikuwa nyembamba na ndefu: wapiga makasia wanne, na rubani mmoja nyuma kwenye usukani. Rubani alikuwa Bibi Mwanakuu, nyanya yake Shifa, mwenye umri wa miaka sabini na mgongo ulionyooka kama mlingoti. Siku ya kwanza alimfundisha Nanjala kanuni moja tu.

"Mpiga kasia aipa mgongo safari yake. Uendako nakuonea mimi. Macho kwangu. Hugeuki nyuma, hata ukisikia nini."

Kisha akamuuliza kama ana watu kisiwani. Jihan, binamu yake Shifa, aliyepiga kasia la tatu, akamuuliza vilevile juma lililofuata. Nanjala aliona huo ndio ukarimu wa pwani, watu kutaka kujua una nani.

Kila Alhamisi walipimwa uzito kwenye mizani ya zamani iliyokuwa bandani, ati mashua isielemee upande mmoja. Shifa alikuwa na kilo hamsini na saba, kila mara. "Hamsini na saba nilipoolewa, hamsini na saba nilipoachwa," alikuwa akisema. "Mume aliondoka na kabati, mwili akaniachia." Nanjala alianza na hamsini na tisa. Kufikia Julai alikuwa na sitini na nne, na kila kilo iliyoongezeka Bibi Mwanakuu aliipokea kwa kumpapasa bega.

Aliongezeka kwa sababu alilishwa. Nyumba za mtaa zilipokezana kumletea: mkate wa sinia, mahamri na mbaazi, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nanjala alikuwa amejifunza kwamba watu wa huku hawarudishi sahani ya jirani tupu. Hutiwa chochote, hata ndimu mbili, ili ujirani uwe wa kwenda na kurudi. Naye akajaribu. Akaenda na sahani ya Jihan, ndani yake karanga za kukaanga alizoagiza kutoka Kitale. Jihan alimwaga karanga zile mkononi mwa Nanjala mwenyewe, akachukua sahani.

"Ya mgeni hairudi na kitu," alisema. "Desturi yetu."

Kila nyumba ilimjibu hivyo.

Ila Shifa. Shifa alizitazama karanga zile kwa muda mrefu, akatazama kama nyanya yake yuko ngazini, kisha akatia moja kinywani. Halafu zote. "Tamu," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini usimwambie bibi."

Nanjala alidhani ni mzaha.

Saa kumi na moja kasoro robo walikuwa ufukweni. Manyunyu yalikuwa yamekoma, na maji yalikuwa ya rangi ya risasi. Bibi Mwanakuu alimrashia Nanjala marashi kichwani na mabegani, akamvika shada la asumini shingoni, akamfunika kaniki.

"Wengine hamvai?" Nanjala aliuliza.

"Ya mgeni hiyo," Jihan alisema. "Siku yako leo. Mtazameni alivyonona, mashaallah."

Zubeida, wa kasia la nne, aliyekuwa hasemi sana, alicheka kupita kiasi. Shifa hakucheka. Alimvuta Nanjala kando kana kwamba anamfunga kaniki vizuri.

"Tumbo halikuumi?"

"Hapana."

"Kichwa je? Ukisema waumwa, hakuna atakayekulazimisha. Wabaki tu."

"Nibaki, Shifa? Miezi minne nimeingojea siku hii!"

Shifa akaifunga kaniki fundo. Vidole vyake vilikuwa baridi.

Nanjala aliketishwa kiti cha nyuma kabisa, ana kwa ana na rubani. Mgongoni kwake alikuwa Shifa, nyuma ya Shifa Jihan, kisha Zubeida. Wakasukuma. Wakapita chini ya daraja la Nyali, wakaingia maji ya Tudor, makasia yakizama na kuibuka kwa pamoja, na Nanjala, akiutazama mji ukirudi nyuma taratibu, taa zikiwashwa madirishani, alijiambia kwamba sasa yeye ni mtu wa hapa.

"Zama za nyanyangu walizunguka hivi kila mwaka," Bibi Mwanakuu alisema, macho yakiwa mbele. "Likajengwa tuta pale Makupa, njia ikaziba. Miaka yote hiyo mji haukuzungukwa majini. Sasa tuta wameliondoa, wamejenga daraja. Maji yapita tena."

"Na ikawaje miaka hiyo yote?" Nanjala aliuliza.

"Yalingoja."

Adhana ya magharibi iliwafikia walipoingia chini ya daraja la Makupa. Ilipokwisha, rubani alisema, "Makasia juu."

Mashua ikasimama.

Haikupunguza mwendo kwanza. Ilisimama tu.

Kulikuwa na giza la zege juu yao na ukanda wa mwanga mwekundu nje. Ubani ulikuwa ukifuka miguuni mwa Bibi Mwanakuu. Kisha chini ya harufu ya ubani ikaja nyingine. Nanjala aliitambua mara moja, maana alikulia nayo. Lakini hapa, juu ya maji ya chumvi, akili yake iliikataa.

Harufu ya zizi.

Samadi mbichi. Ngozi iliyolowa. Na chini ya mbao, karibu kabisa na nyayo zake, kitu kikawa kinakunywa... taratibu... kama anywavyo mnyama mkubwa asiye na haraka.

Bibi Mwanakuu aliweka mkono kichwani pa Nanjala.

"Huyu, nani mwenyewe?"

Nanjala alitaka kucheka. Akakumbuka mzee wa Marikiti, na ncha ya rula.

"Huyu, nani mwenyewe?"

Mara ya pili. Aliwatafuta waliomlisha, hawakuonekana, walikuwa mgongoni kwake. Alisikia Jihan akimeza mate. Alisikia Zubeida akisoma dua kwa pumzi. Kasia lake likavutwa chini kwa upole, kama mtoto avutavyo nguo ya mama.

"Bibi," alinong'ona. "Bibi, tafadhali."

"Huyu, nani mwenyewe?"

Maji yalipanda ukingoni pa mashua na kubaki hapo, yamevimba, hayamwagiki.

"Mimi."

Sauti ilitoka nyuma ya shingo yake. Ilikuwa ya Shifa.

Maji yakashuka. Uso wa Bibi Mwanakuu ukalegea, na kwa mara ya kwanza alionekana ajuza.

"Shifa. Umesema nini?"

"Nimesema wangu. Nilipokea sahani yake, bibi. Nilikula."

"Nilikukataza! Mwana wee, nilikukataza..."

Hakumaliza. Kinywa chake kikafunguka zaidi ya alivyotaka mwenyewe. Kilikuwa kinywa cha Mwanakuu. Sauti haikuwa yake.

"Na wewe, nani mwenyewe?"

"Mimi!" Jihan alipiga ukelele. "Shifa ni wangu, damu yangu!"

Hakikubadilika kitu. Unywaji ule uliendelea chini ya mbao.

"Sisi hatuwezi tena," Bibi Mwanakuu alimwambia Nanjala, akiwa amepata sauti yake, machozi yakimtiririka. "Ashatoka kwetu, amekuwa wako. Ni wewe tu, mwanangu. Mjibie. Neno moja."

Nanjala alikuwa mwalimu wa hesabu, na akili yake, hata pale, ilifuata mpango. Mimi niliulizwa, Shifa akajibu. Aliyejibu ndiye aliyeulizwa. Nikijibu, nitaulizwa mimi. Na nani atabaki wa kunijibia?

"Na wewe, nani mwenyewe?"

Pumzi ya Shifa ilikuwa ya moto shingoni pake. Ilinuka karanga, au yeye alidhani hivyo.

"Nanjala?" Shifa aliita. Alimwita kwa upole, kama amwitavyo ngazini.

Neno lilikuwa tayari ulimini. Nanjala akaubana mdomo.

"Na wewe, nani mwenyewe?"

Nanjala alilikaza kasia mikononi.

Hakukuwa na ukelele wala mshindo wa maji. Mashua ilipanda kidogo tu, kama mkokoteni unaposhushwa gunia moja. Ile pumzi haikuwapo tena shingoni. Kasia la pili likagonga ubavu wa mashua, likagonga tena, likatulia.

Mpiga kasia hageuki nyuma. Nanjala hakugeuka.

"Pigeni," Bibi Mwanakuu alisema.

Walimaliza kukizunguka kisiwa. Walipita chini ya taa kali za meli, wakaupita mlango wa bahari, wakarudi Mji wa Kale, na njia nzima wapiga makasia walikuwa watatu, na makasia yalisikika manne.

Polisi waliambiwa kwamba Shifa ameteleza. Mwili haukuonekana. Siku ya tatu ya matanga Bibi Mwanakuu alipanda ngazi hadi chumbani kwa Nanjala, mkononi akiwa na sahani ya mahamri.

"Ungejibu, mngerudi nyote wawili," alisema kabla hajaketi. "Swali halipiti watu wawili. Wa pili akijibiwa na wa kwanza, maji hufunga kinywa, na mwaka hupita bila kuchukua mtu. Ndivyo tulivyopokea."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ng'ombe haambiwi."

Nanjala alilia. Bibi Mwanakuu alimngoja amalize, kama mtu angojavyo chai ipoe.

"Kwa nini mimi, bibi?"

"Hukuwa na mtu. Sasa unaye." Akainuka. "Sahani hiyo uirudishe na kitu. Wewe si mgeni tena."

Nanjala alifungasha mara mbili. Mara zote mbili alifika kituoni, akasikia pumzi nyuma ya shingo, akarudi. Mwezi wa Oktoba alikuwa amekwisha kupewa kiti cha Shifa bandani, na watu walimsalimia sokoni kwa jina lake.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi huo Jihan alikuja na msichana kutoka Eldoret, Sheryl, aliyeajiriwa hotelini na kupanga chumba mtaa wa pili. Alikuwa mchangamfu, mwenye hamu ya kupendwa.

"Una watu hapa kisiwani?" Bibi Mwanakuu alimuuliza.

"Sina mtu, bibi. Nyinyi ndio mtakuwa watu wangu."

Nanjala alitazama sakafuni. Aliijua hiyo sauti. Ilikuwa yake ya mwezi Machi.

Walipomwelekeza Sheryl kwenye mizani, aliona haya. "Atangulie mwenyeji," alisema. "Dada Nanjala, nionyeshe."

Nanjala hakuwa amepimwa tangu Julai. Nguo zake zilikuwa zilezile, na zilimkaa vilevile. Alipanda. Mshale ukapita hamsini na saba, ukapita sitini na nne, haukusimama. Shingoni pake, pumzi ikaja, ya moto, ya karibu.

"Mia moja na ishirini na moja!" Sheryl alisoma, akaangua kicheko. "Dada, mizani yenu mbovu!"

Bibi Mwanakuu alimshusha, akaweka juu ya mizani jiwe la kilo ishirini. Mshale ukasimama kwenye ishirini barabara. Akaliondoa.

"Panda tena."

Mshale ukarudi palepale. Hakuna aliyecheka sasa, hata Sheryl.

"Toa zako, mwalimu," ajuza alisema polepole. "Zabaki ngapi?"

Nanjala akatoa. Hesabu ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili, na bado aliirudia mara mbili.

"Hamsini na saba."