Uso wa Bi Lavinia

Lavinia Crewe alifuta poda yote usoni, lakini ndani ya kioo cha chumba cha kuvalia uso wake ulibaki mweupe kwa poda.

"Hester! Njoo uone!"

Hester, mvishaji wake wa jukwaani, alichungulia akarudi nyuma. "Bibie, nilikukataza. Bi Arabella, mwigizaji mwenzio, amekata roho humu humu, maiti haijatolewa, wewe unafunua kioo!"

"Pazia lilikuwa linafunguliwa. Ningejipaka poda kwa kupapasa?"

Pale London kioo hufunikwa mpaka maiti itoke mlangoni, roho isije ikashika uso wa anayejitazama. Lakini waigizaji ndivyo walivyo, hata kifo hukisubirisha mchezo uishe. Na marehemu Arabella hakuzoea kusubirishwa. Nusu ya mabwana wa mji walilala kwake, na nusu nyingine walidai wamelala kwake.

Lavinia naye alikuwa na jina bovu, ila sasa alijichunga. Binti yake mdogo, Phoebe, alilelewa Kent na babu yake mzaa baba, mchungaji wa kanisa. Mzee alikuwa ameahidi kwamba Lavinia akikaa bila kashfa mpaka Pasaka, atamrudishia mtoto. Kwa hiyo kila mchezo ulipokwisha alikwenda nyumbani, akajifungia, akamfumia mwanawe soksi.

Wiki haikuisha, muuza machungwa wa ukumbini akamkonyeza.

"Shoga, jana kwenye bustani ya starehe ulicheza mpaka viatu vikakutoka! Na yule nahodha je?"

"Jana nilikuwa kitandani na homa."

"Homa ya nahodha hiyo!"

Madukani zikatundikwa picha zake, amekaa mapajani mwa bwana asiyemjua. Nyumbani, mchana kweupe, alianza kusikia marinda yakiburuzika ngazini, kisha mlango ukafunguka wenyewe, ikaingia harufu ya waridi lililooza, ikazunguka chumba, ikapanda kitandani na kulala ubavuni pake mpaka shuka zikapata joto la mtu mwingine, naye hakuweza kugeuza shingo wala kumwita Hester aliyekuwa chumba cha pili.

Hester akamleta bibi mmoja mganga kutoka Southwark. Bibi alinusa ngazi, akakataa hata kuketi.

"Mtoe Arabella, mama, nakuomba," Lavinia alinong'ona.

"Nimtoeje? Mji mzima unamlisha. Kila wakikusengenya kwenye mikahawa, yeye anashiba."

"Lakini wanayosema si kweli!"

"Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo, laja."

Jumapili ya Pasaka, gari la farasi likasimama mtaani. Kumbe mzee amekuja! Lavinia alitelemka ngazi akikimbia, akilia kwa furaha, akafungua mlango.

Mchungaji alikuwa ameshika kofia mkononi. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye gauni la kijivu la heshima na uso wa Lavinia, safi, bila poda.

"Yanayosemwa mjini, baba, ni ya mtu anayejifanya mimi," alikuwa akieleza, kwa sauti ya Lavinia.

"Nilikuamini tangu ulipokuja Kent," mzee akasema, akamkabidhi mkono wa mtoto.

Lavinia alitaka kupiga kelele. Sauti haikutoka, na miguu ilikataa kuvuka kizingiti.

Phoebe akamwona. "Mama, yule anayefanana nawe ni nani?"

"Usimtazame, mwanangu. Ndiye huyo anayenichafulia jina."

Mtoto akaficha uso wake kwenye gauni la kijivu.