Mama Dominika wa Chala

"Mwanaume wa kunidanganya mimi bado hajazaliwa. Yule mmoja aliyezaliwa ameshahamia Mpanda."

Maneno hayo aliyasema Kauthar mwenyewe, hadharani, stendi ya Sumbawanga, asubuhi yenye ule upepo wetu wa mwezi wa saba unaopenya sweta kama vile hujaivaa. Alikuwa anamjibu Adela, mama ntilie wa pale stendi, aliyemwonya kuwa vijana wa ofisi za mizigo wana maneno matamu kuliko chai yao. Kauthar alivaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya zambarau. Mgongoni alimbeba Husna, binti yake wa mwaka na ushee, na mkononi alikuwa na mfuko wa unga uliofungwa kwa utepe wa kanga.

Mimi sikuwepo. Nimesimuliwa na watu waaminifu, na habari hii naijua vizuri kwa sababu simo ndani yake.

Akaingia ofisi ya mizigo ya mzee Ridhiwani, mwenye mabasi ya kwenda Chala na Namanyere. Nyuma ya meza alikaa Shamsi, mtoto wa mwenye mali, kavaa koti jeusi la sufi lililopigwa pasi mpaka linakata. Pembeni alikuwepo mpakia mizigo mmoja anaitwa Isdori, kijana mtanashati, mcheshi, mwenye akili nyingi, ingawa hahusiki sana na hadithi hii.

Kauthar alipoweka mfuko mezani, upepo ukausukuma mlango, mlango ukaupiga mfuko, na mfuko ukapasukia kifuani kwa Shamsi. Koti jeusi likawa la mwokaji mikate.

"Jamani! Samahani, kaka'angu!"

"Usijali." Shamsi akajilamba mdomo. "Unga wa nini huu?"

"Wa lishe. Ulezi, mahindi, soya na karanga. Wa uji wa watoto."

"Basi leo nimekuwa mtoto wako."

"Mtoto wangu nimembeba mgongoni. Wewe jipanguse."

Husna akachungulia kwenye bega la mama yake, akaliona lile jitu jeupe, akacheka. Na Shamsi, kwa kuwa hakuwa amewahi kuchekwa na warembo wawili kwa mpigo, akawa amekwisha.

Sasa mjue Kauthar alikuwa anapigania nini. Baba Husna alikwenda Mpanda kutafuta maisha, akayakuta kwenye nyumba nyingine, yana mke na makochi. Kauthar akarudi kwa mama yake, Bi Kulsumu, mtaa wa Chanji, akaanza kukaanga ulezi uani na kufungua ukurasa mtandaoni: Uji wa Mama Husna. Mpiga picha ni simu yenye kioo kilichopasuka, imeegemezwa kwenye kinu. Mwigizaji ni Husna, naye ni mwigizaji mwenye maringo: siku akitaka anameza, siku asipotaka anautema uji moja kwa moja kwenye kamera. Kauthar aliposti alfajiri, wakati kina mama wanawasha majiko, na tena mchana Husna akilala. Wakati mwingine alirekodi kwa mkono mmoja, wa pili ukimzuia nyota wake asile kebo ya chaji.

Watu walilaiki. Kulaiki hakusagi ulezi. Shangazi yake wa Mbeya akapiga: "Njoo uuze dukani kwangu. Mtoto mwache kwa bibi yake, huku hakuna wa kumshika."

Mwache. Hilo neno lilimkaa Kauthar kooni kama mwiba. Akajipa muda mpaka kipupwe kiishe: unga ukienda, anabaki na mwanawe, usipoenda, anapanda basi peke yake.

Hayo alimweleza Shamsi siku alipopeleka mfuko mwingine, macho yake yakiwa sakafuni. Asubuhi iliyofuata, chini ya video yake, akatokea mteja mpya: Mama Dominika wa Chala.

"Mama Husna mdogo wangu," aliandika, "huyu Dominika wangu wa miezi minane alikuwa akiona kijiko anafunga mdomo kama benki siku ya Jumapili. Leo anataka kumeza mpaka kijiko. Sisi Ufipa ulezi tumekula tangu enzi, lakini huu wako una dua ndani. Nitumie tena."

Watu wakacheka, wakasambaza. Kina mama wa Milanzi wakaulizia. Wa Namanyere wakafuata. Kila wiki Mama Dominika alichukua mfuko mkubwa na kuandika maneno mapya, na Shamsi aliupokea mfuko huo kwa mikono miwili: "Wa Chala huu? Unaondoka na gari la saa nne."

Na mapenzi? Mapenzi yalipitia kwenye simu, kama kila kitu siku hizi.

"Haloo, Mama Unga."

"Mimi nina jina."

"Kauthar wangu."

"Hilo 'wangu' limegongwa muhuri ofisi gani?"

"Ya kwetu hapa. Mizigo ya thamani tunagonga wenyewe."

"Na huyo anayecheka nyuma yako nani?"

"Isdori."

"Mwanaume?"

"Ana ndevu."

"Mpe simu nizisikie."

Ndivyo alivyokuwa. Shamsi akichelewa kupokea, aliulizwa alikuwa na nani. Akiwahi kupokea, aliulizwa alikuwa anasubiri simu ya nani. Mwanamke aliyewahi kugundua kuwa mumewe ana sebule ya pili hapumziki kwa maneno ya "nakupenda, malkia".

Siku moja uani, Husna yuko mapajani anachezea utepe wa kanga, Kauthar akapiga simu akiwa na furaha. "Shamsi, nimepata wazo! Nataka niende Chala nikamrekodi Mama Dominika na mtoto wake. Watu wamwone akila. Nitauza mpaka Dodoma!"

Upande wa pili kikasikika kiti kikisogezwa.

"Shamsi?"

"Nipo. Chala... magari ya Chala yamejaa."

"Yote?"

"Barabara pia mbaya."

"Kiangazi hiki?"

"Vumbi, mpenzi. Husna atakohoa."

"Shamsi, wewe mtoto wa mwenye mabasi unanikosesha kiti kwenye basi la baba yako?"

"Basi muombe akutumie picha," Shamsi akasema haraka, kisha akadai kuna mteja, akakata.

Kauthar akabaki anaitazama simu. Anaijua sauti ya mwanaume anayetafuta mlango wa kutokea. Ameishi nayo.

Akamwandikia Mama Dominika, akaomba picha ya mtoto akinywa uji. Jibu likachelewa, kisha ikaja picha, na maneno: "Mtoto kalala, lakini uji wake ndio huu, mama."

Kauthar akaikuza. Kwanza, ule haukuwa uji. Ulikuwa ugali, umesongwa ukasimama wima kama kichuguu. Akaikuza tena. Pembeni ya ugali, kwenye sahani nyeupe yenye ua la bluu lililomeguka ukingoni, walilala samaki wawili wa kukaanga, migebuka wa ziwani, na pilipili.

"Mama," akaita, "mtoto wa miezi minane anakula migebuka?"

Bi Kulsumu akavaa miwani. "Na pilipili? Huyo mtoto ana ndevu."

Kauthar akapiga ile namba. Haikupokelewa. Ukaja ujumbe: "Nanyonyesha." Akapiga baada ya adhuhuri: "Nanyonyesha." Akapiga jioni: "Bado."

Ulezi ukamuungulia kikaangoni, jambo ambalo halijawahi kutokea. Moyo wake ulishajiandikia hadithi yote: kuna mwanamke Chala. Ni wa Shamsi. Ndiyo maana magari yamejaa. Unga wangu ananunuliwa mke mwenzangu, na mimi naufunga kwa utepe!

Kesho yake akavaa baibui lilelile, mtandio mwekundu safari hii, akaja stendi. Hakuingia. Akasimama nje ya dirisha la ofisi, mahali ambapo Shamsi hamwoni, akapiga namba ya Mama Dominika.

Ikaita ndani. Chini ya meza.

Akaingia bila hodi, akazunguka meza, akainama. Ilikuwepo simu ndogo inayocheza kwa mtetemo, na nyuma yake mifuko yake, iliyo na unga na iliyobaki mitupu, kila mmoja na utepe wake wa kanga. Hakuna hata mmoja uliowahi kupanda gari la saa nne.

Mwanamke wa Chala angemuuma. Hili lilimuuma mahali pengine.

"Mama Dominika, shikamoo," alisema Kauthar.

Shamsi alisimama, akakaa, akasimama tena. "Kauthar, ulisema unaondoka. Ulisema utamwacha mtoto. Nikaona nikinunua—"

"Na nani amekuwa akiandika yale maneno?"

"Rafiki. Mimi sijui kuandika vizuri."

"Na nani amekuwa akila?"

"Huyohuyo rafiki."

(Jina la rafiki halina umuhimu.)

"Shamsi, nimeweka sura ya mwanangu pale. Kuna mama Milanzi kanunua unga kwa sababu Dominika kapona kususa. Dominika hayupo! Nimemdanganya mwanamke mwenzangu juu ya chakula cha mtoto wake, kwa mdomo wako."

"Nilinunua unga tu, Kauthar."

"Ulinunua mimi nisiondoke. Ungeniomba."

Akatoka. Adela alimwona akipita na machozi, akakumbuka ile asubuhi ya majigambo, lakini Adela ni mtu wa haya, akaendelea kukoroga chai yake.

Simu za Shamsi hazikupokelewa. Aliandika "nisamehe" mpaka herufi zikachoka. Bi Kulsumu alivumilia, mwisho akasema huku anapepeta ulezi: "Baba Husna alikudanganya akala vyako. Huyu kakudanganya akakulipa. Sijasema ni halali. Lakini usiwaweke ungo mmoja."

"Mama, nikiwaambia wateja ukweli, watakimbia. Nitapanda basi la Mbeya."

"Na usipowaambia?"

Kauthar akainuka. Akamfuta Husna makamasi, akamvalisha sweta ya njano, akaiegemeza simu kwenye kinu, akaenda laivu.

"Habari zenu, kina mama. Mimi ni Mama Husna. Mama Dominika wa Chala hayupo. Hajawahi kuwepo. Yale maneno yaliandikwa na mtu aliyetaka kunisaidia. Sikujua, ila unga ni wangu na jina ni langu. Aliyenunua kwa kumwamini Mama Dominika, arudishe mfuko, nitamrudishia chake."

Maoni yakaanza kumiminika. Mmoja: "Matapeli wa mitandaoni hawa!" Mwingine: "Nilijua tu, mama gani ana utani vile." Kauthar akayasoma kwa sauti, yote, machozi yakimlengalenga. Husna akanyoosha kidole akaugusa moyo mmoja unaopaa kwenye kioo, akashangaa haushikiki.

Kisha likaja: "Mimi Mama Shadya wa Milanzi. Mimi nipo, njoo unishike. Mwanangu anakunywa, na mfuko sirudishi."

Kabla hajalisoma la pili, mlango wa uani ukagongwa.

"Hodi!"

Shamsi. Koti jeusi, mifuko iliyosalia kwapani, uso umemshuka. Alikuwa anatazama laivu njia nzima. Kauthar hakuizima simu. Alisogea kidogo tu kwenye kigoda, kama mtu anayempa mshtakiwa nafasi kizimbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Bi Kulsumu. "Ongea na kinu, kina watu ndani."

Shamsi akaitazama kamera. "Kina mama, Mama Dominika ni mimi. Simu ni yangu, pesa yangu. Mama Husna hakujua. Nilimpenda, nikaogopa kumwambia asiondoke, nikanunua uji. Msimwadhibu kwa uoga wangu."

"Umewahi kuonja unga wangu?" akauliza Kauthar.

"Siku ile uliponipasukia."

"Majigambo yote yale, hajui hata ladha! Jiko lile pale. Pika."

Akavua koti. Mbele ya watu wa Rukwa nzima na baadhi ya Mbeya, mtoto wa mwenye mabasi akamwaga unga kwenye maji yanayochemka. Maoni yakawa kama soko: "Koroga!" "Alianza na maji ya moto, huyo!" "Jamani, mabonge!" Kauthar aliuma midomo kuzuia kicheko, akashindwa. Husna akapewa kijiko. Akaunyanyua uso, akamtazama mpishi kwa tuhuma kama za mama yake, akaviringisha bonge mdomoni, akameza. Akafungua mdomo tena.

"Huyo kakukubali," akasema Kauthar polepole.

"Na mama yake?"

"Mama yake anakagua mzigo kwanza. Ukiwa na neno, Shamsi, niambie mimi. Usinitumie Mama Dominika."

"Neno ninalo. Nitume mshenga?"

Akainamisha uso kwenye sweta ya mwanawe. "Mtume. Lakini awe mtu aliyepo. Nisije kuletewa Baba Dominika."

Akanyoosha mkono, akaizima laivu. Wateja waliorudisha mifuko hawakupatikana. Shangazi wa Mbeya aliagiza mmoja.

Siku ya posa, mkeka ulitandikwa uani Chanji, Bi Kulsumu kajifunga kanga mpya, harufu ya pilau imefika mtaa wa pili. Wageni wakataka kujua wawili hawa walikutanaje, nami, kwa kuwa habari naijua kutoka kwa watu waaminifu, nikaisimulia kama nilivyowasimulia ninyi: upepo, koti, migebuka, na yule Isdori mtanashati asiyehusika sana. Walicheka mpaka mshenga akashika mbavu.

Hapo Adela akatoka jikoni, simu ya Kauthar mkononi, ile picha ya ugali imekuzwa.

"Nimeshaeleza mara ngapi nimepotelewa na sahani?" akasema. "Hii hapa. Ua la bluu, limemeguka ukingoni. Na migebuka hao niliwakaanga mimi. Aliyeondoka nao alisema anampelekea mgonjwa." Akanigeukia. "Isdori, mgonjwa aliamka?"

 Shamsi akaanza kulichunguza koti lake. Husna akaja akiyumbayumba, akanishika ndevu.

"Mama Dominika," akaniita Kauthar, akipakua pilau, "karibu sogea. Au unanyonyesha?"