Tumbo Lililobaki

Likizo ile ya Juni, asubuhi za kijiji cha Mlola zilianza na ukungu na kuni mbichi. Sabra aliamka mapema, akapuliza moto mpaka machozi yakamtoka, akabandika sufuria ya uji. Haukuwa uji wa kila mtu. Ulikuwa uji wa mzazi: unga wa ulezi, maziwa, sukari na pilipili manga kwa wingi, mzito wa kusimamisha kijiko. Mama yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Twaha, siku mbili zilizopita katika zahanati ya kijiji. Baba alikuwa Mombo akiuza kabichi. Kwa hiyo kazi ya kumlisha mama ilimwangukia Sabra, binti wa miaka kumi na miwili, naye aliionea fahari.

Shangazi Fatuma, dada yake baba, ndiye aliyeshika kazi nzito. Kila asubuhi alipanda kilima kutoka kwake, akamkanda mama kwa maji ya moto, kisha akamfunga mkaja, kile kitambaa kirefu kinachozungushwa tumboni mwa mzazi ili tumbo lirudi. Shangazi alikuwa na moyo mwema na ulimi wa pilipili. Wakati wa kukanda, watoto hawakuruhusiwa chumbani.

Siku hiyo Sabra alisahau kubisha hodi. Aliingia na bakuli la uji, akamkuta mama amesimama, mkaja uko sakafuni, na tumbo liko palepale. Halikuwa kubwa kama mwanzo, lakini lilikuwa limetuna na kulegea, mithili ya mimba ya miezi mitano, na ubavuni lina mistari ya zambarau. Twaha alikuwa amelala kitandani. Sasa humo ndani alikuwamo nani?

"Shangazi, mbona tumbo la mama..."

"Toka!" Shangazi alifoka. "Macho yako yanatafuta nini huku? Haya ni mambo ya watu wazima."

Sabra akaweka bakuli chini, akatoka. Lakini swali alitoka nalo, na likamsumbua mpaka bombani, alikomkuta rafiki yake Yusta akikinga maji. Yusta alikuwa msichana mzuri, ila mdomo wake haukuwa na breki.

"Limebaki?" Yusta alifunga bomba ili asikie vizuri. "Sabra, la mama mdogo nalo lilibaki hivyohivyo. Bibi alisema kuna wa pili amegoma kutoka. Anakaa humo humo, anakula kila anachokula mama yake. Akishapata nguvu, anamla na mama mwenyewe."

"Acha uongo!"

"Uongo? Mama mdogo si alikufa kabla ya arobaini?"

Mama mdogo wa Yusta alikufa kweli, na Mlola nzima ilikwenda mazikoni. Kwa kuwa hilo lilikuwa kweli, na yale mengine yakaonekana kweli.

Tangu siku ile nyumba ilibadilika. Ukungu ulipofika mpaka mlangoni mchana, Sabra alikaa kwenye kigoda akimtazama mama akinyonyesha. Twaha akishika ziwa tu, mama alikunja uso na kujishika tumbo.

"Linakaza," alisema huku akiuma meno.

Chini ya kanga Sabra aliona kitu kikijikusanya kuwa mviringo mgumu, kisha kikalegea taratibu. Nywele zilimsimama. Yule wa ndani amesikia mwenzake ananyonya, sasa anaona wivu! Akiosha vyombo, alihisi anatazamwa. Mama akipita karibu, Sabra alijisogeza ukutani, asije akaguswa na lile tumbo. Alitamani kukaa ubavuni mwa mama kama zamani, na akaogopa. Hakuna upweke mbaya kama wa mtoto anayemwogopa mama yake mwenyewe.

Ndipo akakata shauri. Kama huyo wa pili anakula anachokula mama, basi akose chakula, mpaka atoke au afe. Sabra akawa anamwaga nusu ya uji nyuma ya migomba na kujazia maji ya moto. Ilipopikwa supu ya kuku, minofu aliila mbwa wa jirani.

"Uji umekuwa mwepesi siku hizi, mwanangu," mama alisema.

"Unga unakaribia kwisha, mama."

Mama aliupokea. Aliunywa wote, akarudisha bakuli, akasema ahsante. Ahsante ile ilimchoma Sabra moyoni, lakini alijikaza. Alijiambia kwamba anamwokoa.

Siku zilivyokwenda, uso wa mama ulisawijika na tumbo likabaki. Sabra aliona anashindwa vita, akazidi kupunguza uji. Twaha alinyonya, akaliacha ziwa, akalia, akanyonya tena, mpaka kilio chake kikawa chembamba kama cha paka. Shangazi naye, alipoona tumbo halirudi haraka, alizidi kuubana mkaja hata mama akawa anapumua kwa shida.

Asubuhi moja mama alitoka kuanika nepi. Hakufika kwenye kamba. Alianguka mlangoni, akalala pale huku macho yake yakiwa nusu wazi.

"Shangazi! Shangazi! Mama amekufa!"

Hakuwa amekufa. Alizimia tu, na maji ya baridi yakamzindua. Walimpeleka zahanati kwa pikipiki, Shangazi nyuma akimshikilia, na Sabra akawafuata mbio kwa miguu. Alipoingia alikuwa akitweta hata akasahau kumwamkia Nesi Secilia.

Nesi alikuwa ameshaufungua mkaja. "Nani amembana hivi? Hapa hata pumzi haipiti." Akambonyeza mama tumbo, akampima joto na shinikizo la damu, akamuuliza habari za kutokwa na damu. "Homa hana. Damu ni ya kawaida. Kizazi kinarudi vizuri. Anakula nini?"

"Uji mzito wa ulezi, asubuhi, mchana na jioni," Shangazi alijibu kwa majivuno. "Na supu ya kuku."

Nesi akamtazama Twaha, akamtazama mama. "Anakula hivyo, halafu maziwa hayatoki na anaanguka? Basi kuna ugonjwa nisiouona. Itabidi aende hospitali ya Lushoto leo hii."

Mama alifumba macho. Sabra akasogea mbele. Mama atapelekwa kutafutiwa ugonjwa asio nao.

"Mama hali hivyo vyote!" aliropoka. "Namwaga uji. Namnyima yule aliyebaki ndani, asije akamuua mama."

Hakuna aliyecheka. Sabra alilia, akawaeleza yote, ya bombani na ya nyuma ya migomba.

"Mimi nilidhani unga umekwisha kweli," mama alisema polepole. "Sikutaka kuiaibisha nyumba kwa kulalamikia njaa."

Nesi Secilia alimshika Sabra mkono. "Njoo. Usiogope." Akamwambia mama amweke Twaha ziwani, kisha akaulaza mkono wa Sabra chini ya kitovu cha mama. Kitu kikajikunja na kuwa kigumu. Sabra akataka kuutoa mkono, nesi akaushikilia.

"Hiki ni kizazi, nyumba aliyokaa Twaha. Kabla ya mimba kilikuwa kama ngumi, kikatanuka miezi tisa. Mtoto akinyonya, kinakaza na kurudi kidogo kidogo. Maumivu yale ni ya kurudi. Kitachukua kama wiki sita. Ngozi na misuli huchukua miezi, na wengine hawarudi walivyokuwa. Nyonga hupanuka, matiti hubadilika, hata viatu huweza kukataa kuingia. Huo si ugonjwa. Cha kuogopa ni damu nyingi, homa, uchafu wenye harufu mbaya au kichwa kuuma sana. Ukiyaona hayo, mlete hapa mbio."

Mama akamwonyesha mistari mingine ubavuni, myeupe, iliyofifia. "Ya zambarau ni ya Twaha. Hii ni yako."

"Yangu?"

"Ulinichora kabla hujazaliwa. Mwanzoni niliililia kidogo, halafu nikaizoea."

Sabra akaulaza uso wake palepale, juu ya tumbo alilolikimbia, akalia mpaka kanga ikalowa.

Nesi akaagiza chai ya maziwa na viazi. Mama akala, akashiba, akapumzika, na ikaonekana hakuna haja ya kwenda Lushoto. Baada ya siku chache za uji mzito maziwa yalirudi, na kilio cha Twaha kikawa cha mtoto mwenye afya zake. Lakini siku ileile ya zahanati, wakati Sabra na Shangazi walipotangulia nyumbani kupika, Shangazi alimshika mkono walipofika nusu ya mlima.

"Sabra," alisema, "uliamini neno bila kulichunguza, kisha ukadanganya. Nusura umuue mama yako kwa kumpenda. Mficha uchi hazai, mwanangu. Jambo likikutisha, liseme." Akasimama kuvuta pumzi. "Lakini wewe uliuliza. Uliniuliza mimi, nikakufukuza. Kosa hilo ni langu. Siku nyingine uliza, na nikikufukuza, rudi uulize tena."

Sabra akauliza.

"Shangazi, mama mdogo wa Yusta alikuwa na homa?"

Shangazi hakumfukuza.

"Alikuwa anawaka moto. Nilimkanda kwa mikono hii. Tukasema ni wa pili amegoma, tukakaa naye nyumbani, tukambana mkaja."

"Angeletwa zahanati, angepona?"

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka njiani. Shangazi alijifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Pengine angepona," alisema.

Walipofika njia panda hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alimwambia Sabra atangulie kuwasha moto, naye akashika njia ya kwa kina Yusta, kwenda kusema na bibi yake habari za homa ile.