Ndege Mgongoni mwa Bibi

Kila Jumamosi Chapuchapu alifagia ua, akamwagilia maua, kisha akakimbilia kuruka kamba. Jina hilo alipewa na Bibi, kwa kuwa kazi zake zilikwisha kabla hazijaanza.

Jumamosi moja aliongezewa kazi nyingine. Benchi la bustanini, alilolichonga marehemu Babu kwa nakshi za maua na ndege, lilikuwa limepauka kwa jua na mvua hata ndege wakaonekana wagonjwa. Bibi alikwisha kulisugua na kulikausha.

"Lipake haya mafuta ya mbao ya kahawia kidogo kidogo, mjukuu wangu. Mti ukishakunywa, futa yote yaliyobaki, hasa kwenye nakshi, yasije yakanata. Kesho nina wageni."

"Usijali, Bibi!"

Nje wenzake walikuwa wanaita. Chapuchapu akamimina kopo zima. "Kunyweni mshibe," akawaambia ndege, akatupa kitambaa, huyoo!

Jioni Bibi akauliza, "Umefuta?"

"Nimefuta mpaka kitambaa kikaomba msamaha!"

Kesho yake Bibi alivaa gauni lake jeupe, akaketi na kuegemea kwa maringo. "Alichonga mume wangu, ametunza mjukuu wangu," akawaambia wageni. Chapuchapu akageuza uso, trei ya chai mikononi.

Bibi akainuka. Gauni likang'ang'ania benchi, kisha likabanduka, prrr! Mgongoni alikuwapo ndege mzima wa kahawia, mbawa wazi.

"Shoga, umebeba abiria!" mgeni mmoja akasema. Wote wakaangua kicheko.

Bibi hakucheka. Alizigusa nakshi zinazonata, akamtazama mjukuu wake tu. Heri angegomba!

"Labda ni jua, Bibi..."

"Jua hukausha, mjukuu wangu."

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na trei yake. "Sikufuta," akanong'ona machozi yakimtoka. "Nilikudanganya."

Wageni walipoondoka alipiga magoti, akiwa na tapentaini ya kuyeyushia mafuta na mswaki mkuukuu, akaondoa ule unato ua kwa ua hadi jua likazama. Safari hii alifuta.

Benchi lilipona, gauni halikupona. Bibi alilivaa hivyo hivyo kwenda sokoni. Chapuchapu alimfuata, uso chini, akiinua kikapu ili kumziba yule ndege.

"Kishushe," Bibi akasema bila kugeuka. "Mti hausemi, lakini hauli njama na mtu. Kazi uliyoilipua itakuumbua tu, na uongo utakuzidishia aibu. Ila wewe umekwisha kusema kweli, mjukuu wangu. Mwache ndege wangu apate hewa."