Bunduki ya Kuniharu Inapiga Majani

Lifti ya jengo lile la Akihabara iliharibika Jumapili saa saba mchana, wakati ambapo ungedhani nusu ya Tokyo imekuja kununua bunduki za mchezo, zile zinazorusha gololi ndogo. Wateja walipanda ngazi hadi ghorofa ya nne wakihema, wakajazana mbele ya kabati za vioo. Tamaki Onodera, fundi wa duka, aproni ya ngozi kiunoni na nywele zimebanwa kwa penseli, hakuwa na hamu ya kumwona binadamu mwingine. Ndipo akaingia fundi wa lifti, ovaroli ya buluu, grisi mpaka kwenye viwiko, akanyoosha kidole kuigusa bunduki ya mdunguaji iliyotundikwa ukutani.

"Ukikiweka hapo hicho kidole, utaondoka bila hicho," Tamaki alimwambia.

"Shauri yako. Bila kidole hiki lifti haiponi, na wewe utashuka kwa miguu mpaka mwaka mpya."

Tamaki alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Fundi yule wa lifti aliitwa Kuniharu. Kesho yake alirudi amenawa, shati limepigwa pasi, kabeba bunduki yake mwenyewe ndani ya mkoba mrefu. Alisema anataka ilenge vizuri zaidi. Waliongea juu ya meza ya kazi mpaka duka likafungwa, kisha wakaenda kula tambi chini ya reli, na tambi zile zikawa za kila jioni. Tamaki akawa "fundi wangu", naye Kuniharu akaitwa "bwana grisi".

Bunduki ile Tamaki aliitia ujuzi wake wote. Aliweka springi mpya isiyovuka nguvu inayoruhusiwa na sheria, mpira mpya wa kuizungusha gololi ili isianguke mapema, na mtutu wa ndani mwembamba kuliko wa kawaida, unaoiacha gololi nafasi ya unywele tu. Kwenye ujia wa kupimia pale dukani, gololi kumi za plastiki zilitoboa karatasi tundu moja dogo kama sarafu. Kuniharu alilibusu tundu lile badala ya kumbusu Tamaki, naye Tamaki akamwambia huo ni uchoyo.

Kisha ikaja Jumapili ya mwisho ya Juni. Mvua za msimu zilikuwa zimepumzika, na Kuniharu alikuwa msituni Inzai, nje ya Tokyo, anakocheza vita vya gololi na wenzake. Simu ikaita mchana.

"Tama, bunduki yako inapiga majani," alisema. "Kushoto, kulia, juu. Kila kitu isipokuwa mtu."

Tamaki alimuuliza kama darubini imelegea. Kabla hajajibiwa alisikia vicheko, akajua simu iko kwenye spika. Sauti ya mwanamume ikauliza kwa mbali, kwani ni mwanamke ndiye aliyeitengeneza?

"Ndiyo," Kuniharu alijibu. "Ndiyo maana."

Wakacheka wote, na yeye akacheka. Tamaki alikata simu.

Miaka sita alikuwa amevumilia wateja wanaouliza fundi yuko wapi ilhali wanazungumza naye. Hilo alilizoea. Lakini kusikia neno lilelile kutoka kwenye mdomo aliokuwa ameulisha tambi jana yake, hilo hakulizoea. Na halikuishia msituni. Kufikia Jumatano wateja wawili walipiga simu kuahirisha kazi zao, na mwenye duka akamuuliza kwa upole ni kitu gani kilitokea Inzai. Upole ule ulimuudhi kuliko tusi.

Simu za Kuniharu alizipuuza siku tatu. Ya nne alipokea.

"Ilikuwa utani, Tama. Nisamehe."

"Unaniomba radhi ukiwa wapi?"

"Nyumbani. Peke yangu."

"Matusi ulinitukana mbele ya watu arobaini. Radhi unaileta ukiwa chumbani kwako, na mlango umeufunga. Jumapili nakuja huko. Bunduki usiiguse."

Alifika Inzai asubuhi, buti za mvua, suruali ya mifuko mingi, sanduku la vifaa mkononi, uso umefungwa. Hakumwamkia mtu. Alimwonyesha Kuniharu pa kusimama, akaanza kazi bila kumtazama. Skrubu za darubini zilikuwa zimekaza. Mpira haukuwa umeingia mafuta ya kuutelezesha. Alipitisha kitambaa ndani ya mtutu, kikatoka cheupe. Kila alipokuta kitu kizima alizidi kukasirika.

Msituni pale gololi za plastiki haziruhusiwi, ni zile zinazooza ardhini tu. Alinunua pakiti mpya ya hizo kwenye kaunta ya uwanja, akalala chini, akalenga sahani ya chuma iliyo mita thelathini. Sahani ililia mara kumi.

"Lete zako," alisema.

Kuniharu alimpa mfuko uliofungwa kwa mpira wa nywele. Gololi ya kwanza ilikwenda kushoto, ya pili ikapaa, ya tatu haikujulikana ilikokwenda. Tamaki alizitia kwenye kipimo cha unene moja baada ya moja. Zilikuwa zimevimba.

"Mfuko huu uliufungua lini?"

"Mei."

"Ukauweka wapi?"

Kuniharu alilitazama buti lake. "Kwenye roshani. Kando ya mashine ya kufulia."

Mwezi mzima wa mvua. Gololi za kuoza hunywa unyevu kama mchele, na mtutu mpana ungezistahimili, lakini ule mwembamba haukuwa na nafasi ya kuzipitisha sawasawa. Basi bunduki haikuwa na kosa. Tamaki alichomoa kutoka mfukoni karatasi ya kazi, ile anayoijaza kwa kila mteja, ili amsomee kila kitu alichokifanya, mstari kwa mstari, na katikati ya karatasi akaacha kusoma. Mstari wa tano uliuliza mteja anacheza wapi, na kwa gololi gani. Ulikuwa mtupu. Aliikunja karatasi haraka, akairudisha mfukoni. Kuniharu hakuona.

Filimbi ikalia, wachezaji wakakusanyika kusikiliza maelekezo ya mchana. Bwana Hirukawa, mwenye uwanja, hajafungua kinywa, Kuniharu akatoka mbele, akavua kofia, akainama.

"Wiki iliyopita niliulizwa kama ni mwanamke aliyeitengeneza bunduki yangu, nikajibu ndiyo maana," alisema. "Bunduki ni nzima. Nilitia gololi zilizolowa unyevu mwezi mzima nyumbani kwangu. Mbovu ni mimi, na jibu lile lilikuwa la kijinga. Fundi Onodera, nisamehe."

Alibaki ameinama. Watu arobaini waliitikia kwa vichwa, na aliyeuliza swali lile siku ile aliangalia chini. Heshima ya Tamaki ilikuwa imerudi yote. Angeweza kuipokea na kwenda zake. Lakini karatasi ilimchoma mfukoni, na sasa hasira ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Hiyo ni nusu," alisema, akaikunjua. "Mtutu mwembamba hauwekwi kabla ya kumuuliza mteja anacheza wapi na gololi gani. Ningejua, ningemwonya juu ya unyevu. Miaka sita nimemuuliza kila mtu. Huyu sikumuuliza."

"Kwa nini huyu tu?" aliuliza Bwana Hirukawa, kwa nia njema kabisa.

Tamaki alimchukia kwa swali lile. Alilichukia na jua, na kofia ile mikononi mwa Kuniharu.

"Kwa sababu nilikuwa namtazama," alisema. "Sasa anayetaka kucheka acheke."

Hakuna aliyecheka. Alirudi kwenye benchi lake akaanza kufunga vifaa kwa kishindo. Kuniharu alimfuata, masikio mekundu, akasimama kando.

"Bado umekasirika?"

"Sana."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Utangoja."

Kuniharu alivuta kiti, akakaa.