Mbishi na Kauli Isiyofutika

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Mbishi alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Jina hilo la utani alilipata darasa la tatu, alipomwambia mwalimu kwamba jibu lililochapishwa nyuma ya kitabu lilikuwa na makosa. Lilikuwa na makosa kweli, lakini jina halikumtoka tena. Naye hakulichukia hata kidogo.

Cherehani yenyewe ilikuwa ya miguu, ya tangu enzi za bibi. Mafundi jirani walikuwa na mashine mpya zinazowaka taa, wakamshauri mama aiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama alicheka, kisha akaifungia mota ya umeme pembeni.

"Miguu yangu ndiyo iliyochoka," alisema. "Mshono haujachoka."

Siku hiyo ilikuwa ya mdahalo shuleni. Wazungumzaji wawili bora wangechaguliwa kuiwakilisha shule. Mwaka uliopita Mbishi aliachwa kwa sababu alimfokea mpinzani wake, na aliumia mpaka akalia. Safari hii aliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba.

Tatizo lilikuwa mada. Alipewa kutetea kwamba sarafu kongwe ya kidijitali itahimili ushindani wa sarafu mpya. Sarafu hiyo haishikiki mkononi. Huishi kwenye kompyuta nyingi zilizounganishwa. Kila malipo huandikwa kwenye kumbukumbu moja, na maelfu ya watu huwa na nakala yake. Lakini imezeeka, na kila kukicha huzaliwa sarafu nyingine zenye kasi zaidi. Darasa zima liliamini sarafu kongwe imekwisha.

"Pole, dada," alisema mpinzani wake siku walipopewa mada, mvulana mwenye miwani waliyemwita Profesa. "Umepewa konokono umpeleke kwenye mbio za magari."

Asubuhi hiyo kaka yake, fundi simu, alimpa silaha huku akitafuta kiatu chake cha pili. "Waambie nchi arobaini zimeifanya fedha halali. Watafunga midomo."

"Ni kweli, kaka?"

"Nani atahesabu?"

Mbishi alikuwa amesoma maktaba wiki nzima, na jambo hilo hakuliona popote. Alijua si kweli. Hata hivyo, aliondoka nalo.

Ukumbi ulijaa. Mbishi alianza vizuri, lakini wenzake wakaanza kupiga miayo, na Profesa akatabasamu kwa dharau. Tabasamu hilo lilimchoma. "Nchi arobaini," alipaza sauti, "zimeifanya fedha halali!"

Makofi yalilipuka. Yalikuwa matamu kama sukari.

"Taarifa, Mwenyekiti!" Profesa alisimama. "Naomba mtetezi ataje nchi kumi tu kati ya hizo."

Mbishi alifunua daftari lake, akalifunga.

"Tano basi," alisema Profesa. "Au mbili?"

Kicheko kilitanda. Mwalimu wa Hesabu, aliyekuwa mwenyekiti, aligonga meza. "Mtetezi, zitaje au ufute kauli."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mbishi iliishia pale pale mbele ya watu. Uso ulimwaka. Alitaka kufoka kama mwaka uliopita, amwambie Profesa akasome. Ndipo likamjia lile alilolisoma wiki nzima, akainua kichwa.

"Mwenyekiti, sifuti."

"Mbishi kaanza!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Sifuti kwa sababu haifutiki! Ninyi nyote mmeisikia. Nikisema nimeifuta, nitakuwa namdanganya nani? Iacheni pale pale, na jina langu juu yake. Ila naongeza kauli nyingine: ile ya kwanza ni uongo. Niliambiwa na mtu, nikajua si kweli, nikaisema kwa sababu nilitaka kushinda. Nisameheni."

Mbishi hakukaa.

"Na hivyo ndivyo sarafu kongwe inavyofanya kazi! Hakuna bosi wa kunong'onezwa akufutie kosa. Lililoandikwa limeandikwa. Ukitaka kusahihisha, unaandika jipya, na la zamani linabaki wote waliangalie. Je, inakwenda polepole? Ndiyo. Inakula umeme mwingi? Ndiyo, na hilo si la kujivunia. Lakini, Profesa, sarafu ngapi zilizokuja kwa mbwembwe zimezimika na fedha za watu? Kipya kinyemi, ingawa kidonda! Mnasema haiwezi kubadilika. Mbona watu wamekwisha kujenga juu yake njia za haraka za malipo madogo? Nyumbani tuna cherehani ya bibi. Mota ni mpya, mshono ni ule ule."

"Cherehani ina fundi mmoja, anafunga mota akitaka," alijibu Profesa. "Sarafu hii ina maelfu ya wenyewe. Watakubaliana lini?"

Lilikuwa swali zuri, na Mbishi alilikubali kwa kutikisa kichwa. "Watachelewa. Pengine watagombana. Sijui kama itadumu milele, na sitawadanganya mara ya pili. Itakufa siku itakapokataa mota, au siku itakapouza mshono wake, ile kumbukumbu isiyofutika. Lakini haifi kwa kuzomewa!"

Alikaa. Safari hii makofi yalianza taratibu, yakakua.

Kwa ule uongo, upande wake ulikatwa alama, ukashindwa. Mbishi aliuma mdomo asilie. Kisha Mwalimu akataja wawakilishi wa shule: Profesa, na Mbishi.

"Mwalimu, si amedanganya?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

"Amedanganya, na alama zake hazirudi," alijibu Mwalimu. "Lakini hakuna aliyemlazimisha kusema kwamba alijua ni uongo. Sikilizeni, wanangu. Hakuna mtu asiyekosea, wala hakuna kitu kisichokuwa na kasoro. Anayeaminika ni yule asiyelificha kosa lake, akalisahihisha mbele ya wale wale aliowakosea. Ubishi wa kutetea uongo ni ujinga. Ubishi wa kusimama na ukweli hata unapokuumiza, huo ninauhitaji kwenye timu yangu."

Jioni kaka alimngoja mlangoni. "Vipi, zile nchi arobaini zimewafunga midomo?"

"Zimenifunga mimi," alisema Mbishi, akamweleza yote.

Kaka alikuna kichwa kwa aibu. "Nisamehe, mdogo wangu. Si ungefuta tu kauli, yakaisha?"

"Haifutiki, kaka. Na kwenye ile kauli ya pili nimesema 'niliambiwa na mtu'. Wakiniuliza ni nani, nitawatajia."

Mama alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Kisha akakanyaga pedali ya mota, na mshono ukaendelea.